Kizingiti cha sentimita 17: nini maana ya jengo la kale kufikika

Mwaka juzi, katika jengo moja la kale la mkoa wetu wa Tabora ambalo sitalitaja jina, shangazi yangu alizuiwa mlangoni na kipande cha mti. Alikuwa ametoka nyumbani saa mbili asubuhi kwa bajaji, kiti mwendo chake kimefungwa nyuma kwa mpira, na tangu alipoamka hakuwa amekunywa hata funda moja la maji, kwa sababu ambayo nitaieleza baadaye. Mlango wenyewe ulikuwa wa nakshi, mzuri kweli, lakini kizingiti chake cha chini kilikuwa kimeinuka kutoka sakafuni kiasi cha kumfanya hata mtu mzima mwenye miguu miwili auangalie mguu wake kabla ya kuuinua. Mwongoza wageni, kijana mwenye adabu, alimwamkia, akakitazama kiti, akakitazama kizingiti, kisha akawaita wenzake wawili.

"Mama, usiwe na wasiwasi. Tutakubeba."

"Asante, baba," shangazi akajibu. "Ila mzigo ndio unaobebwa. Mimi ni mgeni."

Akabaki chini ya mwembe. Sisi wengine tuliingia, na jioni alisimuliwa yaliyomo ndani na mjukuu wake wa miaka 9, ambaye alichokikumbuka zaidi ni popo waliokuwa darini.

Nimelisimulia jambo hili kwa watu mbalimbali, na kila mara wasikilizaji hugawanyika makundi matatu. Wapo wanaosema kwamba jengo la kale ni la kale, na ukishaliwekea njia ya viti mwendo umekwisha kuliharibu. Wapo wanaosema kwamba sheria inataka kila jengo la umma lifikike, kwa hiyo kizingiti kikatwe na mazungumzo yaishe. Na wapo wanaouliza, tena kwa nia njema kabisa, mama huyu alitaka nini zaidi ikiwa vijana watatu wenye nguvu walikuwa tayari kumwinua. Kwa kuwa reli ya kisasa inajengwa kuja Tabora na kuendelea hadi Kigoma, na kwa kuwa habari za utalii wa historia, kuanzia tembe la Kwihara, yaani nyumba ya kale ya udongo yenye paa bapa, hadi makumbusho ya Ujiji, zinazidi kusikika, ni vyema tukaufumua mkanganyiko huu uzi kwa uzi.

Tuanze na maneno. Neno "kufikika", au "ufikivu" kama wanavyoandika wataalamu, maana yake ni kwamba mtu anaweza kufika mahali, kuingia, kuelewa kilichopo, kupata huduma za lazima na kutoka, kwa usalama na kwa heshima, bila kutegemea huruma ya yule aliyepo zamu siku hiyo. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito, na ndiyo yanayosahaulika. Viongozi wetu wamezoea kusema "miundombinu rafiki kwa watu wenye ulemavu", na usemi huo hauna kosa, isipokuwa umetufanya wengi tuamini kwamba jambo lote ni saruji na kokoto.

Neno "ulemavu" nalo linahitaji kusafishwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, uliopitishwa mwaka 2006 na kuridhiwa na Tanzania mwaka 2009, hauchukulii ulemavu kuwa kitu kilichomo mwilini mwa mtu peke yake. Unaueleza kuwa ni matokeo ya kukutana kwa hali ya mwili au akili ya mtu na vikwazo vilivyomo katika mazingira yake. Ukisoma maelezo hayo harakaharaka yanaonekana kama falsafa ya mikutanoni, lakini mtazame shangazi. Nyumbani kwake, ambako fundi alishusha meza ya jikoni na kusawazisha mlango wa uani, hupika ugali wa watu wanane na kuwafokea wajukuu kama bibi yeyote. Pale kwenye mlango wa nakshi akawa hawezi. Miguu ni ileile. Kilichobadilika ni kizingiti.

Inafaa pia kujua tunawazungumzia watu wangapi. Sensa ya mwaka 2022 ilionyesha kuwa asilimia 11.2 ya Watanzania wenye umri wa miaka 7 na kuendelea wana ulemavu wa aina fulani. Kwa lugha ya stendi, katika basi dogo lenye abiria 30, watatu ni miongoni mwao, na huenda usimtambue hata mmoja, maana si kila ulemavu huonekana. Hapo ndipo palipo na dhana potofu ya kwanza: kwamba mtu mwenye ulemavu ni yule aliye kwenye kiti mwendo. Wamo wasioona na wenye uoni hafifu, wamo viziwi, wamo wenye ualbino ambao jua la saa saba mchana ni kikwazo kwao kuliko ngazi yoyote, wamo wenye ulemavu wa akili, na wamo wazee wetu ambao hawajioni kuwa na ulemavu wowote ila magoti yamekwisha kutoa uamuzi wake.

Watu wa Tabora, kwa kweli, tungepaswa kuwa wa mwisho kulisahau hili. Hapa ndipo ilipoanzishwa shule ya kwanza ya viziwi nchini, mwaka 1963, na hapa ipo Furaha, shule ya msingi inayosomesha watoto wasioona. Tuna watu wazima waliolelewa na shule hizo, wengine ni mafundi, wengine ni walimu. Sasa mchukue mmoja wao, kiziwi, umpeleke kwenye jengo la historia ambalo masimulizi yake yote yamo mdomoni mwa mwongoza wageni. Mlango atauvuka bila shida yoyote, atazunguka vyumba vyote, na atatoka akiwa ameona kuta. Kusema kwamba jengo hilo linafikika kwake ni sawa na kusema kwamba mtu amekula kwa sababu aliruhusiwa kuingia mgahawani.

Ndiyo maana napendelea kuueleza ufikivu kwa mfano wa mnyororo wa baiskeli, kitu ambacho mkoa huu unakifahamu vizuri. Mnyororo una pini nyingi, zote ndogo, na hakuna anayezihesabu. Lakini ikichomoka moja tu, pedali zitazunguka na gurudumu halitasogea. Ziara ya mgeni nayo ina pini zake: habari alizozipata kabla ya kutoka nyumbani, chombo cha usafiri, lango, njia ya kutoka langoni hadi mlangoni, mlango, sakafu ya ndani, maelezo, mahali pa kupumzika, choo, na njia ya kurudi. Unaweza kujenga njia nzuri ya mteremko mlangoni, ukaipaka na rangi, lakini ikiwa kutoka barabarani hadi hapo ni mita 50 za udongo ule wetu wa kichanga unaomeza magurudumu ya mbele, mgeni hataifikia hiyo rangi. Hata hivyo, mchanga huo dawa yake ni nyepesi: njia yenye upana wa mita 1 na nusu, iliyomwagiwa changarawe laini na kushindiliwa hadi ikawa ngumu, inatosha, na kwa macho haitofautiani sana na uwanja wa zamani.

Sasa turudi mlangoni, kwa sababu hapo ndipo ubishi unapochemkia. Siku chache baada ya ziara ile nilirudi na futi ya fundi nikakipima kizingiti. Kilikuwa sentimita 17. Kanuni inayotumiwa na wajenzi katika nchi nyingi ni kwamba kwa kila sentimita 1 ya kimo, njia ya mteremko iwe na urefu wa sentimita 12. Sentimita 17 mara 12 ni sentimita 204, yaani mita 2 na nukta kidogo. Aliyewahi kusukuma baiskeli yenye magunia mawili ya mkaa anaielewa kanuni hii bila hesabu: mlima mrefu uliolala unapandika, mlima mfupi uliosimama unakurudisha nyuma. Tofauti ni kwamba baiskeli ikikurudisha unaiachia, ilhali kiti mwendo kikirudi nyuma humwangusha aliyekikalia kwa kisogo. Ndiyo maana zile njia kali zilizojengwa ili mkaguzi akute kitu na kuweka alama ya vema ni hatari kuliko kutokuwa na njia kabisa. Asiyeona njia ataomba msaada, lakini anayeona njia ataiamini.

Kuna jambo lingine ambalo mafundi wengi hulipuuza. Kizingiti ni mti ulioinuka, si ngazi, kwa hiyo mtu akipanda upande wa nje lazima ashuke upande wa ndani. Ukiweka mbao mbili zilizoegemezwa kama paa la banda, magurudumu ya mbele yataanza kushuka wakati ya nyuma bado yanapanda, na tumbo la kiti litakwama juu ya mti katikati ya safari. Kwa hiyo panahitajika sehemu bapa hapo juu, ya kukitosha kiti chote, ndipo mteremko wa ndani uanze. Kazi yote hii inaweza kufanywa na seremala wa Tabora kwa mbao za mninga, zenye kingo pembeni ili gurudumu lisichomoke, zikiwa zimelazwa juu ya vipande vya tairi kuukuu ili zisikwaruze sakafu, bila kupigilia msumari hata mmoja katika jengo. Zikiondolewa, kizingiti kipo palepale kama alivyokiacha mchongaji.

Na mlango wenyewe? Milango ya nakshi iliyokuja bara pamoja na misafara ya biashara ina mbawa mbili, na katikati yake upo mfaa, ule mti uliochongwa unaoziba ufa pale mbawa zinapokutana. Kwa mazoea hufunguliwa ubawa mmoja tu, na nafasi inayobaki haitoshi, kwani kiti mwendo cha kawaida huhitaji uwazi wa sentimita 80 hadi 90 ili mikono ya anayekiendesha isichunike kwenye miimo. Katika milango mingi ya aina hiyo marekebisho yanayotakiwa ni kufungua mbawa zote mbili. Hayo yanagharimu muda wa kuondoa komeo.

Tunafika kwenye dhana potofu inayowatia hofu hata watunzaji wenyewe: kwamba sheria ya kulinda mambo ya kale na sheria ya watu wenye ulemavu zinapigana, na kwamba mtu akiitii moja amevunja nyingine. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, iliyorekebishwa mwaka 1979, huyalinda moja kwa moja majengo yaliyojengwa kabla ya mwaka 1863, na humpa waziri mwenye dhamana uwezo wa kuyatangaza mengine kuwa yanalindwa. Kinachokatazwa ni kubomoa, kuharibu au kubadili bila kibali. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010, kwa upande wake, inataka watu wenye ulemavu waweze kuyafikia majengo na huduma za umma. Soma zote mbili kwa utulivu utaona kwamba ya kwanza inauliza "umegusa nini?" na ya pili inauliza "nani ameachwa nje?" Fundi anayekata kizingiti amejibu swali la pili na kuharibu jibu la kwanza. Mtunzaji anayesema hakuna kinachowezekana amefanya kinyume chake. Njia ya mbao niliyoieleza hapo juu inayajibu maswali yote mawili kwa sababu inaondoleka; mkeka uliotandikwa sakafuni haujabadili sakafu. Kibali bado kiombwe, maana hata mkeka ukitandikwa vibaya hufuga mchwa, lakini kuomba kibali si sawa na kukatazwa.

Wataalamu wa uhifadhi duniani wanalijua hilo tangu zamani. Hati ya Venice, ambayo kwa sadfa ni ya mwaka uleule wa 1964, inasema kwamba jengo la kale linapotumika kwa manufaa ya jamii, uhifadhi wake unasaidika, alimradi matumizi hayo yasiharibu mpangilio wala mapambo yake. Hati hiyo inataka pia kile kilichoongezwa kionekane kuwa kimeongezwa, kisijifanye cha kale. Kwa hiyo wale wanaotaka njia ya viti mwendo ifichwe kwa kuigiza mawe ya zamani wanakosea mara mbili: wanamdanganya mgeni, na wanaifanya njia isionekane na yule anayeihitaji.

Zaidi ya hayo, tembe lenyewe linatucheka tunapolitetea kana kwamba halijawahi kuguswa. Paa la tembe ni bapa: boriti, juu yake fito, juu ya fito udongo. Mvua za msimu mmoja zinatosha kuukata udongo ule mifereji, na kuta zilizokandikwa kwa mkono hupukutika pembe kwa pembe. Kila nyumba ya udongo unayoiona imesimama baada ya miaka mia moja imesimama kwa sababu kuna mikono iliyokuwa ikiisiliba, mwaka baada ya mwaka, kwa udongo mpya. Nyumba iliyoachwa "kama ilivyokuwa" sasa ni kichuguu. Kwa hiyo swali la haki kuhusu jengo la namna hii haliwezi kuwa kama liguswe au lisiguswe. Ni nani anayefikiriwa wakati linapoguswa, na mara nyingi marekebisho ya ufikivu hugharimu kidogo sana yakifanywa katika msimu uleule wa kukandika upya kuliko yakisubiri mradi wake peke yake.

Naomba nitoke nje ya njia kidogo, ingawa sidhani kama natoka mbali. Tembe la Kwihara, nje kidogo ya mji wa Tabora, linahifadhiwa kwa sababu Henry Morton Stanley alikaa hapo mwaka 1871 na David Livingstone akakaa hapo mwaka 1872, kuanzia Februari, walipofika pamoja kutoka Ujiji, hadi Agosti 25, alipoondoka kwa safari yake ya mwisho baada ya kungoja wapagazi kwa miezi. Tunamchora Livingstone akitembea, fimbo mkononi. Lakini mwaka 1870, huko Bambarre magharibi ya Ziwa Tanganyika, vidonda vya miguu vilimlaza kwa siku zipatazo 80, na mwaka 1873, katika majimaji ya Bangweulu, alikuwa hawezi tena kutembea, hivyo watu wake walimbeba kwa machela hadi kijiji cha Chitambo, katika Zambia ya sasa, alikofia. Chuma, Susi na wenzao wakaubeba mwili wake kuelekea pwani, na mwezi Oktoba mwaka huo walipita nao Unyanyembe, hapahapa. Nyumba inayotunzwa kwa heshima ya mtu huyo inatunza, ukitaka kusema kweli, kumbukumbu ya mgeni ambaye miguu ilimkatalia.

Wapo watakaoirukia hadithi hiyo na kusema: basi si unaona, hata yeye alibebwa! Hiyo ndiyo dhana ya tatu, na imejificha ndani ya ukarimu wetu. Kumbeba mtu mzima kuna hatari ya mwili, kwake na kwa wabebaji, ambao hawajafundishwa wapi pa kumshika mtu mwenye maumivu ya mgongo. Kuna suala la stara: shangazi hakutaka mikono ya vijana watatu asiowajua chini ya mapaja yake mbele ya wajukuu. Kuna jambo la tatu, ambalo ni uhuru, kwani aliyebebwa kuingia hukaa pale alipowekwa, na akitaka kukitazama tena chumba cha kwanza inabidi aombe upya. Chuma na Susi walimbeba bwana wao kwa sababu Bangweulu haikuwa na njia nyingine. Sentimita 17 si Bangweulu.

Wale wasioona ni habari pana inayostahili makala yake, lakini niseme machache. Mtoto wa Furaha akiambiwa kwamba mlango huu umechongwa maua na minyororo, amepewa maneno. Akipewa kipande cha mninga kilichochongwa na fundi wa leo kwa mfano uleule, akipitishe vidole juu ya kila petali, amepewa mlango. Nakala hiyo inaulinda mlango wa asili pia, maana wageni wote, wanaoona na wasioona, wana hamu ya kugusa, na jasho la viganja halina urafiki na mbao za kale. Vibao vya maelezo viwe na herufi kubwa, nyeusi juu ya rangi nyepesi, na viwe kwa Kiswahili, jambo ambalo lingewafaa hata wenye macho makali. Maelezo ya nukta nundu yanaweza kutengenezwa na walimu wa mjini hapahapa. Kwa viziwi maandishi peke yake hayatoshi, kwa sababu kwa wengi wao lugha ya kwanza ni Lugha ya Alama ya Tanzania na Kiswahili cha kuandika ni lugha ya pili. Mwongoza wageni aliyejifunza alama za msingi, au video fupi ya mkalimani kwenye simu ya ofisi, huziba pengo hilo. Na kwa mwenye uoni hafifu au ualbino, atokaye kwenye jua kali na kuingia katika chumba cha tembe chenye giza, msaada mkubwa kuliko wote ni kiti kivulini karibu na mlango na dakika tano za kuyaacha macho yazoee. Tuna miembe. Kiti ndicho kinachokosekana.

Je, yapo mahali ambapo haiwezekani? Yapo, na kuficha hilo ni kuwapa silaha wanaopinga. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wenyewe, katika ibara ya 30 inayohusu utamaduni, unapofika kwenye minara na maeneo yenye umuhimu wa kitaifa unaongeza maneno "kadiri iwezekanavyo". Huko Ugiriki, kwenye kilima cha Acropolis, lifti mpya ilifunguliwa Desemba 2020 na njia za zege zikamwagwa juu ya mwamba, na ubishi ukawa mkubwa, wengine wakishukuru kwamba hatimaye wamefika juu, wengine wakilalamika kwamba mwamba wa kale umefunikwa kama uwanja wa maegesho. Mimi naona kwamba lifti ilistahili, na kwamba zege lile lilikuwa jingi mno. Msomaji anaweza kuniona nimekosea. Lakini maneno "kadiri iwezekanavyo" hayamaanishi "tukipenda". Yanamtaka mtunzaji aonyeshe alichojaribu. Ikiwa ghorofa ya juu ina ngazi nyembamba zilizosimama ambazo haziwezi kuguswa, basi kilicho juu kishuke chini kwa picha, kwa video, kwa vitu vinavyohamishika, na kiwekwe katika chumba ambacho kila mgeni hupita, kuliko kutenga kona ya "wageni maalumu" nyuma ya stoo.

Uingereza, ambayo ina majumba mengi ya kale ya mashambani yaliyojengwa kwa ajili ya mabwana wenye watumishi wa kuwabebea kila kitu, sheria yao ya usawa, nayo ya mwaka 2010, inamtaka mtoa huduma afikirie vikwazo mapema, kabla mgeni hajasimama mlangoni. Mabadiliko ya jengo lenyewe bado yanahitaji kibali cha uhifadhi, kama kwetu. National Trust, taasisi iliyoanzishwa mwaka 1895 na inayotunza mengi ya majumba hayo, humruhusu msaidizi wa mgeni mwenye ulemavu kuingia bila kulipa. Hilo la mwisho halihitaji mbao wala saruji. Ni mstari mmoja kwenye orodha ya viingilio.

Hoja ya gharama, basi, naipita haraka, kwa kuwa mengi niliyoyataja ni kazi ya seremala mmoja na uangalifu wa watu wawili. Hoja ya kwamba "watu hao hawaji hapa" naipita haraka zaidi. Ni sawa na mwenye duka aliyefunga mlango tangu asubuhi kushangaa kwamba hakupata mteja. Tahadhari ninayotaka kuitoa ni tofauti: marekebisho yasiyo na mtu wa kuyasimamia hufa. Nimewahi kuiona njia ya mbao iliyotengenezwa vizuri sana, imefungiwa stoo, na ufunguo anao mtu aliyekwenda Nzega.

Nimeahidi kueleza habari ya maji. Shangazi hanywi maji siku ya safari kwa sababu hajui choo atakachokikuta. Choo cha kuchuchumaa chenye ngazi mbili na mlango wa sentimita 60 kwake si choo, na kwa hiyo hujipanga kama anayefunga, kwa muda wa saa sita au nane, katika joto letu la Oktoba, kisha hurudi nyumbani kichwa kinamgonga na kusema ni uchovu. Watunzaji wengi niliozungumza nao wanauwaza mlango wa jengo na hawakiwazi choo, pengine kwa sababu choo hakina historia. Choo nacho ni rahisi kuliko mlango: kikijengwa pembeni, mbali na jengo linalolindwa, hakigusi urithi wowote. Kinataka mlango mpana unaofunguka kwa nje, sakafu iliyo sawa na ardhi, kiti cha kukalia, vyuma viwili vya kushikilia, na nafasi ya mita 1 na nusu ya kugeuza kiti. Kama fedha za mwaka zinatosha kitu kimoja tu, ningeshauri zianzie hapo.

Siku hizi shangazi hupiga simu kabla ya kwenda mahali. Huuliza kimo cha kizingiti, upana wa mlango, sakafu ni ya nini, choo kikoje, kivuli kipo au hakipo. Mara nyingi hujibiwa, "Njoo tu, mama, hakuna shida," jibu ambalo amejifunza kutoliamini, kwa sababu anayelitoa kwa kawaida hajawahi kupima. Kwa hiyo ametengeneza kamba ya katani yenye mafundo matatu. Fundo la kwanza ni upana wa kiti chake pamoja na viganja, la pili ni kimo cha juu kabisa cha kizingiti anachoweza kukiruka akisukumwa na mtu mmoja, la tatu ni nafasi ya kugeuza. Yeyote wa ukoo anayetangulia mahali hupewa aende nayo. Wiki iliyopita binamu yangu, anayekwenda Ujiji kikazi, alipita kwake kuichukua.